Wa Nne Kutoka Kushoto

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na baada ya kukohoa kidogo ili kusafisha koo, nachukua nafasi hii kukutangazia wewe, shemeji, na wote walio chini ya paa lenu, kwamba mdogo wako amechaguliwa. Tulikuwa wanaume tisa, tumesimama mstari mmoja, kila mtu na kimo chake na akili zake, nikachaguliwa mimi. Miaka yote unaniambia hakuna mwanamke atakayenitazama mara mbili. Huyu alinitazama mara tatu.

Kabla sijafika huko, habari za hapa. Mimi mzima, cherehani nzima. Paa la kibanda linavuja palepale. Badala ya kuliziba nimehamisha meza, nawe unanijua. Tumbo linanisumbua kidogo, nakula vitu laini laini, lakini hilo si la kuandikiana. Goti la shemeji linaendeleaje? Na mlango wa choo chenu umeshapata bawaba, au pazia nililoshona bado liko kazini?

Sasa jambo lenyewe. Kibanda changu, kama unavyojua, kimeegemea ukuta wa kituo cha polisi, na nusu ya riziki yangu hutoka ng'ambo ya ukuta huo: suruali zilizopasuka kwenye doria, mashati yaliyokosa vifungo. Yuko sajenti mmoja namwita Sajenti Vifungo, kwa sababu tumbo lake na shati lake havijawahi kuelewana. Basi kwa kuwa niko karibu, wakitaka watu wa kusimama kwenye gwaride la utambuzi huniita. Si gwaride la kupiga mguu chini. Mshukiwa mmoja anachanganywa na raia wanane wanaofanana naye umri na umbo, shahidi anapita mbele yao, na akimtambua mtu anamgusa bega. Ukimaliza unapewa soda. Nimesimama mara nyingi, na bega langu halijawahi kuguswa. Nilikuwa najivunia. Nilidhani uso wangu una uaminifu fulani. Kumbe haukumbukiki tu.

Safari hii ni kesi ya duka la dawa. Mtu aliingia mchana kweupe na kisu, akamkenulia meno mhudumu, akabeba mauzo ya siku, akatokomea. Na aliyekamatwa ni nani? Jirani yangu, Mzee Redio. Yule anayetengeneza pasi na redio mlango wa tatu kutoka kwangu, na kila redio anayoifufua lazima aijaribu kwa sauti inayotikisa sindano yangu. Hatujapatana tangu siku aliyohamia. Walipokuja kumchukua, kitu cha kwanza nilichokisikia mimi kilikuwa utulivu.

Tukapangwa uani, penye kamba ya kuanikia sare. Mimi wa nne kutoka kushoto, Redio wa tano. Sasa mahabusu hunyang'anywa mikanda wasije wakajidhuru, kwa hiyo tulikuwa watu wanane wenye mikanda na mmoja aliyeshika suruali kwa mkono. Kuku angejua nani katoka ndani. Mhudumu wa duka la dawa akaja, anatetemeka. Akapita, akarudi, akapita tena, akasimama mbele yangu. Nikamwonea huruma, nikamtabasamia. Akanigusa bega.

"Ni huyu."

Sajenti akakohoa. "Mama, haraka ya nini. Hebu angalia tena, mstari wote." Lakini macho yake mwenyewe hayakuwa kwenye mstari wote. Yule mama akayafuata, akamwona mwenye kushika suruali, akaenda kumgusa yeye. Sajenti akaandika. Nikapewa soda yangu.

Siku nzima nimekuwa nikimsimulia kila mteja kwamba fundi wao ana sura ya jambazi, na tumecheka. Sijui kwa nini, jioni nilimkumbuka kaka yetu mkubwa. Mama alikuwa akisema tumefanana.

Nijibu kwa barua. Simu yako hukatika kila ninapoanza kujitetea.

Mdogo wako, Fundi


30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Simu haikatiki, nakata mimi.

Barua yako ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu wiki nzima chini ya kikombe, ndiyo maana ina duara. Sisi wazima. Goti la shemeji yako linatabiri mvua na halijawahi kupatia. Jikoni shuleni tumeletewa masufuria makubwa hata nikiinama kuosha wenzangu wananitafuta. Binti yetu ana mimba ya miezi saba na anagombana na kila mtu, dalili nzuri. Kuhusu mlango: shemeji yako, seremala aliyetengeneza milango ya nusu ya mji huu, bado anatafuta mbao inayomfaa. Pazia lako linapepea. Juzi mgeni alikaa humo akiimba, ili tujue yumo.

Sasa huo uchekeshaji wako. Sikucheka. Umetambuliwa kuwa mwizi mbele ya polisi, na unazunguka nalo kama mtu aliyepata mtoto. Maneno yakitoka hayarudi na sura ileile. Funga mdomo, ushone nguo za watu. Kama huyo Redio hana hatia, wenye kazi yao watajua. Kama anayo, masikio yako yamepona. Kuku wangu walipoibwa, mwizi alikaa ndani siku mbili, akatoka, akanikuta kisimani, akaniambia "Shikamoo mama." Mpaka leo hiyo shikamoo sijaitikia.

Na umetabasamu? Wewe? Wewe ambaye hata siku ya harusi yako, Mungu amrehemu mkeo, ulicheka umefunika mdomo kwa kiganja? Halafu hilo tumbo. Mwenye tumbo bovu haachi vitu vigumu tu, huacha kula. Unanificha kitu, na hujawahi kujua kuficha.

Kaka usimwandike tena.

Dada yako


18 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kucheka bila ruhusa.

Habari za hapa ni chache. Yupo mama mmoja mjane anayepitisha maziwa kila asubuhi, tunamwita Mama Maziwa. Ameketi kwenye kiti changu cha wateja mara mbili bila kuwa na nguo ya kushona. Nakuarifu tu, usianze kutafuta vitambaa.

Amekuja wakili wa Redio. Hajamlipa, amepewa na mahakama. Ni binti mdogo mwenye mkoba uliokatika zipu. Nikamwambia aketi niitengeneze, nikidhani nitakuwa na shughuli ya mikono huku nikidanganya.

"Ni kweli wewe ndiye uliyeguswa kwanza?"

"Nani kakwambia?"

"Mshtakiwa. Alikuwa pembeni yako."

Akanieleza kwamba sajenti ameandika sentensi moja: shahidi alimtambua mshtakiwa. Bega langu halimo. Kumbe sheria inataka kila anayeguswa aandikwe, hata akiguswa kwa makosa. Tena Redio alikuwa na haki ya kuchagua asimame wapi, avae kama wenzake, na awe na ndugu au wakili wa kushuhudia. Hakuna aliyemwambia. Na zaidi ya lile gwaride, hawana kitu kingine juu yake. Wala pesa, wala kisu. Akipatikana na hatia, atatoka akiwa mzee wa kushikwa mkono.

Nikamuuliza lile ambalo ungemuuliza wewe. "Na kama ndiye kweli?"

"Basi wathibitishe vizuri. Zipu ukiibana kwa koleo itafunga leo, kesho itakufungukia barabarani."

Ndivyo nilivyokuwa nafanya wakati huohuo: naibana kwa koleo. Nikaifumua nikaanza upya. Nimeudhika sana, dada, kushindwa hoja kwa kazi yangu mwenyewe.

Nilipita kwa wenzangu wa mstarini. Kinyozi akaniambia, "Mimi nilikuwa natazama mbele, Fundi. Kwenye gwaride mtu hutazama mbele." Fundi saa naye alikuwa akitazama mbele. Sijawahi kuona gwaride lililonyooka namna ile.

Jana kaja Sajenti Vifungo na shati, kifungo cha tatu, kama kawaida. Akakaa.

"Fundi, kumbukumbu ni kama uzi. Ukiuvuta sana unakatika."

"Inategemea uzi, afande."

"Na kibanda kinategemea ukuta." Akaupiga ukuta wa kituo makofi mawili matatu, kwa upendo, kama mtu anayepiga shingo ya ng'ombe wake.

Nimemwambia wakili nitafikiri. Usinicheke, lakini sajenti si hofu yangu yote. Nikisimama kizimbani nitaulizwa: mama kasema ni wewe, je, siku ya wizi ulikuwa wapi? Mahali nilipokuwa ni siri yangu. Si siri ya aibu. Ni ya aibu, ila si aibu ya aina hiyo. Nilimwambia kila mtu nimekwenda kununua nyuzi.

Unanishauri nini?

Fundi


3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimejiambia barua iko chini ya kikombe cha mwalimu mkuu. Binti ameshajifungua? Sisi huku wazima, ila wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao vilivyokuwa vimeshakatwa, na hawakusema sababu.

Ulisema maneno hayarudi na sura ileile. Yamerudi. Mteja mmoja kanisimulia, bila kujua mimi ndiye, kwamba mwizi halisi wa duka la dawa ni fundi cherehani fulani anayelindwa na polisi kwa kuwa anawashonea bure. Nikamuuliza anafananaje. Akasema, "Mrefu, mweusi, macho mekundu." Nilifurahia ule urefu.

Nimekuwa nikienda mahakamani kutazama. Navaa koti, nakaa benchi la nyuma, najifanya nina kesi yangu. Mara ya kwanza faili halikuonekana. Mara ya pili lilionekana, mwendesha mashtaka hakuonekana. Mara ya tatu wote walionekana, hakimu akawa semina. Kila mara Redio analetwa, anasimama, anaambiwa tarehe nyingine, anarudishwa rumande. Amekonda. Suruali sasa ameifunga kwa kamba ya nailoni, ndiyo pekee wanayomruhusu siku za mahakama. Wakati anapandishwa kwenye gari aliniona, nikajifanya nasoma tangazo ukutani. Akaita kwa sauti yake ileile ya kushindana na redio:

"Fundi. Kimya kimekutosha huko?"

Tangazo lilikuwa linahusu kutotema mate.

Dada, kimenitosha. Mtaa umetulia hata nasikia uzi ukipita kitambaani, na bado nashona kombokombo. Hati ya wito imefika. Natakiwa Agosti. Naweza kwenda nikasema nilikuwa natazama mbele. Niambie hivyo na nitafanya hivyo, maana wewe ndiye uliyenilea na sijawahi kukuasi, ila ile mara ya kuoa.

Fundi


24 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Binti amejifungua salama, mtoto wa kike, mkubwa, ana sauti ya kuita watu shambani. Barua zako zote mbili zilifika kwa wakati. Nilijibu mara tatu, na mara tatu nikatia moto kwenye jiko la shule.

Unamjua kaka kama mtu aliyekuwa akikaa karibu na mlango. Ulipopata akili alikuwa ameshakuwa hivyo. Ulikuwa ukiuliza kwa nini hageuzii mlango mgongo, na mama alikuwa akikupa kitu ule. Tulikwambia alikwenda kufanya kazi mbali. Hakwenda kufanya kazi.

Ilivunjwa ghala ya watu. Mlinzi akasema alimwona kijana mrefu gizani, na kaka alikuwa kijana mrefu. Siku hiyo mimi nilikuwa na homa, na kaka alishinda na kukesha pembeni ya kitanda changu akinipepea kwa mfuniko wa sufuria. Hakutoka hata kwenda haja bila kuniambia. Nilikuwa najua hilo, na hakuna mwingine aliyejua.

Baba alisema mtoto wa kike hasimami mahakamani kutazamwa na wanaume. Akanipeleka nikae benchi tu. Kaka hakuwa na wakili, siku hizo sikujua kama wapo. Hakimu akamuuliza, "Una shahidi?" Kaka akageuka akatutazama. Alinitazama mimi, kisha akamtazama baba. Akasema, "Sina."

Kumfunga kulichukua muda mfupi kuliko kuchagua nyanya.

Nilikukataza kwa sababu nilijua ukiitwa wewe utakwenda, na ningekuwa tena kwenye benchi. Simpendi huyo Redio wako, na huenda ni mwizi. Lakini aliulizwa kama ana shahidi akakutaja wewe. Nenda. Usitazame mbele.

Na popote ulipokuwa siku hiyo, sema. Kama ni mwanamke, nitavumilia. Kama ni pombe, nitavumilia kidogo.

Dada yako


21 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimefunga mlango wa kibanda, kitu ambacho sijawahi kukifanya mchana, hata wateja wakadhani nimekufa. Sitaiandika zaidi ya hapo. Nimeiweka pamoja na sindano nzuri.

Nimekwenda. Sasa kaa chini.

Chumba chenyewe ni kidogo, kina feni isiyozunguka na madirisha yasiyofunguka. Hakimu huandika kila neno kwa mkono, kwa hiyo wote mnaisubiri kalamu yake kama watu wanaovuka nyuma ya kobe. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya haki. Sikupata nafasi ya kuitoa. Niliulizwa jina na kazi na ikaishia hapo.

Wakili wangu, yaani wa Redio, akaniongoza vizuri. Nikaeleza mstari, mikanda, mama alivyonigusa, maneno ya sajenti, alivyogeuka. Sajenti Vifungo alikuwa pembeni akiangalia viatu vyake, ambavyo kwa tumbo lile ni kazi. Nikajiona nimemaliza.

Akasimama mwendesha mashtaka, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembeleza.

"Fundi, unatuambia shahidi alikugusa wewe, akasema ni huyu."

"Ndiyo."

"Na kama hakukosea?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa mazoea.

"Siku ya tukio, saa nane mchana, ulikuwa wapi?"

Hakimu akainua kalamu. "Shahidi, sikiliza kwanza. Wewe hushtakiwi hapa. Swali ambalo jibu lake linaweza kukutia hatiani, hulazimiki kulijibu, na hakuna atakayekuadhibu kwa kunyamaza. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

"Utajibu?"

Dada, sheria ilinifungulia mlango kabisa, ikaushikilia nipite. Ningenyamaza, na kingekuwa kimya halali. Lakini nilimwona Redio kizimbani ameshika kamba yake kiunoni, ananitazama mimi, kisha anageuza macho pembeni, kama mtu anayejiandaa kusema hana. Na benchi la pili alikuwepo Mama Maziwa, katika gauni nililomshonea mimi, maana nilikuwa nimemwalika, mpumbavu wa watu, aje aone ninavyosema maneno makubwa.

"Nilikuwa kwa fundi wa meno, mheshimiwa. Mji wa pili."

"Kufanya nini?"

"Kupimwa meno ya bandia. Ya mbele, juu na chini. Yangu yalikuwa yameshang'olewa na haya yalikuwa hayajawa tayari. Wiki mbili zile nilijifunga leso mdomoni nikasema nina mafua."

Mwendesha mashtaka akatabasamu. Yeye anayo yote. "Una ushahidi wa hilo?"

"Ninao," nikasema, nikautoa.

Maisha yangu yote sijawahi kuwa na ushahidi wowote, na siku nilipoupata ulikuwa kinywani. Niliuweka kwenye kiganja nikaunyoosha. Chumba kilinyamaza hata feni ingezunguka tungeisikia. Nikaanza kueleza kwamba mhudumu alishasema kizimbani kuwa mwizi alikenua meno meupe, yote, na mimi siku hiyo sikuwa nayo hata ya kukopesha. Nilieleza kwa ufasaha sana. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Shahidi, yarudishe. Hakuna anayeelewa unachosema."

Nikayarudisha. Akaandika, taratibu, akisoma kwa sauti: "Shahidi... ametoa... meno. Shahidi... amerudisha... meno." Imo kwenye kumbukumbu za mahakama, dada. Wajukuu wa watu wataisoma.

Wakili akasimama tena. "Siku ya gwaride ulikuwa nayo?"

"Yalikuwa na siku chache tu."

"Shahidi aliposimama mbele yako, ulifanya nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa mwenyewe, mbele za watu, na kwa kuchelewa. "Nilitabasamu," nikasema. "Nilikuwa nayafanyia mazoezi."

Hakimu akamtazama mhudumu wa duka la dawa aliyekuwa amekaa nyuma, akaagiza arudi kizimbani. Akamuuliza kwa upole: "Mama, siku ile dukani, uliona nini hasa?"

"Niliona kisu, mheshimiwa. Na meno."

"Na uso?"

Yule mama akaweka kidole shingoni. "Uso sikuuona. Ningeuonaje, na kisu kiko hapa? Nilimwambia sajenti ni meno. Akasema nisijali, mtu wameshampata."

"Mbona hukusema ulipokuja mara ya kwanza?"

"Hakuna aliyeniuliza hivyo."

Sajenti Vifungo akajishika kifungo cha tatu. Hukumu imepangwa mwezi ujao.

Nje nilikimbilia upande usio na watu. Mama Maziwa akanifuata na ndoo yake.

"Kwa hiyo ndiyo ilikuwa siri?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanunua kikombe kimoja ukaanza kununua vitatu. Halafu siku moja ukaondoa leso unang'aa kama sahani mpya. Mtu mzima haoti meno, Fundi. Mtaa mzima unajua tangu mwezi wa pili."

"Na hamkuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi."

Basi ndiyo hayo. Si mwanamke wala pombe. Na tumbo langu ni zima, lilikuwa zima siku zote.

Fundi


12 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Meno. Na mimi niliyekuwa naliombea tumbo.

Mtoto anakua. Shemeji yako ameusikia mkasa wako, akacheka mpaka goti likapona kwa muda, akatoka kwenda kununua bawaba. Mlango umewekwa. Unafungukia ndani, na choo ni kidogo, kwa hiyo ukishaingia huwezi kuufunga mpaka upande juu ya ndoo. Tumerudisha pazia, liko nyuma ya mlango.

Barua yako niliisoma peke yangu jikoni shuleni, kwa sauti. Nilipofika pale hakimu anapouliza "Utajibu?" nikajikuta nimesimama. Mwenzangu akaja kuuliza kama kuna kilichoungua. Nikamwambia hapana.

Niambie sasa, na usinizungushe. Ni yeye aliyeiba, au si yeye?

Dada yako


30 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Mtoto abusiwe, na pazia lisalimiwe.

Hukumu imesomwa. Hakimu alisema gwaride lile halikufuata utaratibu, mshtakiwa alinyimwa haki zake, shahidi mwenyewe hakuuona uso, na hakuna ushahidi mwingine; kwa hiyo upande wa mashtaka haujathibitisha kosa bila kuacha shaka, na mshtakiwa aachiwe huru palepale. Redio alisimama kama hajasikia. Ilibidi askari amguse bega, amwambie toka.

Unauliza ni yeye au si yeye. Sijui. Namtazama kila siku. Nimemwangalia meno kwa mwanga wa asubuhi na kwa mwanga wa jioni. Ni meno tu. Mhudumu wa duka la dawa hapiti tena mtaani kwetu, amebadilisha njia, na mtu aliyemshikia kisu hajapatikana, au amepatikana na tumemwachia. Nililala na hilo siku kadhaa, na sijui kama nitaacha kulala nalo. Lakini nikimweka kaka kwenye mstari ule, wa tano kutoka kushoto, ameshika suruali, najua ningetaka wa nne afanye nini.

Sajenti Vifungo hakuja wiki mbili. Ya tatu alileta shati. Ukuta hakuupiga.

Sasa nikwambie upumbavu wangu wa mwisho. Nilijua Redio atakuja kunishukuru, kwa hiyo nilijiandaa. Nilifagia kibanda, nikanunua soda mbili, nikatunga maneno ya kumjibu, ya unyenyekevu, yenye "jirani" ndani yake mara tatu, na neno moja la busara kuhusu sauti ya redio. Niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo, kwa tabasamu na bila tabasamu.

Alikuja jana, redio yake ikiunguruma kwapani. Alikuwa amekunja ile suruali mkononi. Akaiweka mezani, akasema imezidi kiunoni, na anaitaka Ijumaa.

Mdogo wako, Fundi